Mafundi wawili wamekula pesa, wa tatu yuko mlangoni, na paa bado linavuja

Mjomba, salamu.

Nakuandikia nikiwa sebuleni na karai mbili mbele yangu, moja ya nguo za watoto na moja ya maji ya mvua. Naishi Nyamasaria hapa Kisumu, nauza mitumba soko la Kibuye, nina watoto watatu. Mume wangu ni dereva wa trela. Akitoka Mombasa yuko njiani kwenda Malaba, akifika Malaba anaambiwa avuke mpaka Kampala. Nyumba tulijenga kidogo kidogo kwenye kiwanja alichotuachia baba mkwe, na msimamizi wake ni mimi, nipende nisipende.

Shida ilianza masika ya mwaka jana. Chumba cha watoto kiko pale paa la nyumba kubwa linapokutana na la jikoni, ambalo tuliliongeza baadaye. Manyunyu hayana neno, hata yakikesha. Lakini ikija ile mvua ya jioni ya upepo na radi, maji yanashuka ukutani kama mtu amefungua bomba. Mara mbili tumeamka godoro limelowa.

Fundi wa kwanza nilimpata kwenye duka la hadiwea. Mwenye duka aliniambia, "Huyu ni mtu wangu, usiwe na wasiwasi." Alipanda, dakika kumi hazikuisha akashuka, akasema misumari imelegea. Alichukua 4,500, akapaka lami, akabandika silikoni. Mvua ya pili ikapita palepale. Nilipompigia alikuja mara moja, akapaka tena, akaomba mia tano ya nauli. Tangu siku hiyo ni yule dada wa kwenye simu tu: mteja wa nambari uliyopiga hapatikani.

Wa pili ndiye anayeniuma, kwa sababu ni binamu ya mume wangu. Mama mkwe alisema kwa nini tulishe watu wa nje na fundi tunaye nyumbani. Alikuja na penseli sikioni, akapima, akaniambia, "Shemeji, hii ni kitu ndogo sana. Tunatoa mabati nane, tunaweka mapya ya geji 30, rijikapu na gata, unasahau mambo ya mvua." Jumla 38,000, vifaa na ufundi pamoja. Nilimtumia zote kwa M-Pesa siku ileile kwa sababu alisema bei ya mabati inapanda Jumatatu. Akaleta mabati manne. Jirani yetu, mzee aliyewahi kufanya kazi ya mjengo, aliligonga moja kwa kucha akatikisa kichwa: "Mama, hii ni 32, jembamba kuliko ulilolipia." Rijikapu, ile kofia ya kileleni mwa paa, na gata, ule mfereji wa kuchukua maji ukingoni, sijaviona mpaka leo. Nikipiga simu: "Niko njiani." Kesho yake: "Niko hapa kwa stage." Wiki iliyofuata: "Nimefiwa, shemeji." Kumbe yuko Ahero anamalizia nyumba ya mtu mwingine. Na mvua kubwa iliporudi, maji yalishuka ukuta uleule.

Kuna na ufa. Umeanzia kwenye kona ya dirisha la chumba hichohicho, umepanda kwa mshazari. Januari kidole kidogo kinaingia. Mvua zikikolea unajifunga wenyewe. Umepigwa plasta mara mbili, na mara zote mbili umerudi.

Sasa nimeletewa wa tatu na dada mmoja wa kanisani. Anasema paa lote litolewe, na anataka 25,000 kabla hajagusa kitu. Kila fundi akifika hapa swali lake la kwanza ni, "Baba yuko?" Wote watatu nimewapa chai chini ya mwembe wa marehemu baba mkwe, uliotanda mpaka juu ya jikoni, na wote wameniambia maneno matamu kuliko embe zake.

Mjomba, fundi wa kuaminika anapatikana wapi? Na huyu shemeji nimpeleke kwa chifu au polisi? Mama mkwe amesema nikimshtaki mtoto wa ndugu yake nimeuvunja ukoo. Mume wangu anasema, "Niachie, nitaongea naye." Ni mwezi wa nne sasa tangu aseme hivyo.

Mama wa Karai Mbili, Nyamasaria

* * *

Mama wa Karai Mbili,

Pole. Huyo wa tatu usimpe hata shilingi kwa sasa. Huenda ni mtu mwema, simjui. Lakini anataka kukuuzia paa zima na hajakuambia maji yanapita wapi. Wa kwanza alikuuzia lami, wa pili mabati, wa tatu anakuja na paa. Kila mmoja alikuuzia alichokuwa nacho. Ugonjwa wenyewe hakuna aliyeupima.

Na wewe uliupima bila kujua. Umesema manyunyu yakikesha hakuna neno, ila mvua ya upepo na radi inaleta mafuriko. Tundu la msumari halichagui mvua. Bati likitoboka, hata ya rasharasha itakutonea, taratibu lakini itatona. Paa linalovumilia mvua ndogo na kushindwa na kubwa mara nyingi ni paa ambalo maji yake yamekosa njia. Yanajaa mahali, yanapanda, kisha yanamwagikia ndani. Na mahali hapo, kwa nyumba iliyoongezewa jikoni, nashuku ni vali, ule mfereji wa bati unaolala pale mapaa mawili yanapokutana. Halafu ukanitajia mwembe uliotanda juu ya jikoni, ukapita haraka ukaenda kwenye chai. Mimi sikupita. Majani ya mwembe ni mapana na magumu, hayaozi upesi. Yakishalala kwenye vali pamoja na vumbi la kiangazi yanafanya boma la kuzuia maji.

Huenda nimekosea, niko mbali na paa lako. Ndiyo maana nataka mtu apande aangalie kabla pesa nyingine haijatoka, na mtu huyo unaye. Ni yule mzee aliyegonga bati kwa kucha akajua geji. Mpe elfu moja au mlichokubaliana, umwambie wazi kwamba humpi kazi ya paa, unanunua macho yake tu. Asiye na kazi ya kukuuzia hana sababu ya kukudanganya. Kama magoti yake hayapandi ngazi tena, apande kijana, mzee aelekeze akiwa chini. Wapande bati likiwa kavu, na wakanyage kwenye mistari ya misumari maana hapo ndipo mbao zilipo chini. Katikati bati jembamba hujikunja, na likishajikunja umepata tundu jipya.

Wasafishe vali kwanza. Kisha kijana amwage maji kwa mpira akianzia chini kabisa ya vali, apande polepole hatua kwa hatua, wewe ukiwa chumbani na tochi. Akianza juu hutajua maji yameingilia wapi, kwa sababu yakishaingia husafiri juu ya mbao na kutonea mita mbili au tatu kutoka yalipopenyea. Ndivyo yule wa kwanza alivyopaka lami pasipohusika. Waangalie pia kama mabati ya pande zote mbili yamelalia vali vya kutosha, na kama misumari imepigwa kwenye mgongo wa bati. Msumari uliopigwa bondeni, mahali maji yanapopita, utavuja hata ukiupaka lami ya barabara nzima ya Kakamega.

Inawezekana ukamaliza siku hiyo umetumia elfu moja na jasho la kijana. Inawezekana pia vali yenyewe ni nyembamba au imeoza na inataka kubadilishwa. Hapo sasa ndipo unapotafuta fundi, ukiwa na kazi inayojulikana jina na kipimo.

Umeniuliza anapatikana wapi. Usianzie dukani. Si kila mwenye hadiwea ni mbaya, lakini wengi humpa fundi kitu kwa kila mteja anayemleta, na fundi humrudishia mkono kwa kukuandikia vifaa vingi. Kanisani nako watu husifu tabia, na tabia haifungi vali. Tembea hapo Nyamasaria utafute nyumba yenye paa lililokutana kama lako, ambalo limeshapita masika na vuli bila kuguswa. Piga hodi, uliza nani alilipiga. Muulize mwenye nyumba maswali mawili tu: kazi ilipoharibika fundi alirudi? Na pesa ya mwisho alilipwa lini? Hayo yatakuambia mengi kuliko picha mia kwenye simu ya fundi. Picha anaweza kuwa alipiga kwenye kazi ya mwenzake, mimi nimeliona hilo.

Unaweza pia kumuuliza fundi kama amefanya mtihani wa ufundi wa NITA, ile mamlaka ya mafunzo ya viwandani, na wa gredi ipi. Cheti hakizuii mtu kula pesa, ila kinaonyesha kuna siku alisimamiwa akifanya kazi. Nimefanya kazi na wazee wasio na karatasi hata moja waliowashinda vijana wa gredi ya kwanza, ile ya juu, kwa hiyo asiye nacho usimfukuze kwa hilo peke yake. Ila kwa umeme usinisikilize nikilegeza. Atakayegusa nyaya za nyumba yako awe na leseni ya EPRA, ile mamlaka inayosimamia nishati, na akuonyeshe. Paa baya litakulowesha. Nyaya mbaya zitawachoma watoto wako usingizini.

Sasa nikuambie jambo ambalo mafundi wenzangu hawatafurahi nikilisema. Kabla sijawa msimamizi nilikuwa fundi Nakuru, upande wa Langa Langa. Nilichukua pesa ya kuanzia ya mama mmoja nikanunua simiti ya kumalizia choo cha mtu wa Bondeni, kwa sababu pesa ya choo hicho nilikuwa nimemalizia nayo karo na deni la kazi iliyotangulia. Sikuwa na nia ya kumwibia yule mama. Nilijiambia nikipata kazi nyingine nitamrudia. Nikapata nyingine, na pesa yake ikaenda kwa mwingine. Fundi wengi wa siku kwa siku wanaishi hivyo. Hajui kazi ya wiki ijayo itatoka wapi, kwa hiyo anakubali tatu kwa pamoja, na kila mteja mpya anamlipia mteja wa zamani. Anayesema "niko njiani" mara nyingi yuko kwenye nyumba ya mtu ambaye alimlipa kabla yako. Mabati yako manne ambayo hayakuja, ningebahatisha, yako Ahero.

Nakueleza haya si ili umhurumie. Nataka uone mlango anaopitia uufunge. Pesa ya vifaa na pesa ya ufundi zisikae kwenye mfuko mmoja, na mfuko huo usiwe wa fundi. Fundi akuandikie vifaa kwenye karatasi, kimoja kimoja, na geji na urefu. Uende dukani mwenyewe, bila yeye, na ukiweza uulize bei maduka matatu. Mabati mengi huchapwa geji na jina la kiwanda kwenye bati lenyewe. Soma kabla halijapakiwa kwenye mkokoteni. Na ukumbuke hesabu yake iko kinyume, namba ikipanda unene unashuka. 32 ni jembamba kuliko 30, na 28 ni nene kuliko zote mbili. Gata nenda kaagize kwa mafundi wa jua kali pale Kamas. Utaona bati linakunjwa mbele yako, na kutoka Kibuye si mbali.

Ufundi ulipe kwa hatua, na hatua ziandikwe kabla ya kuanza, hata kama ni kwenye ukurasa wa daftari la mtoto. Kwa kazi ya siku mbili mpe ya chakula na nauli asubuhi, nusu vali ikishakaa, kinachobaki kikae kwako mpaka inyeshe mvua kubwa. Tena usiseme "baadaye". Sema "mvua kubwa ya kwanza ikipita na ukuta uko kavu." Fundi anayeijua kazi yake atanung'unika kidogo halafu atakubali, hasa ukimwambia ni siku gani za mwisho utakazolipa hata kama mbingu zimegoma. Mwambie wiki tatu. Zikiisha bila mvua, mwaga maji kwa mpira mbele yake, ukuta ukibaki mkavu mlipe. Usimfanyie ujanja hapo. Na wewe ukiwa mteja wa kuchelewesha pesa ya watu, mafundi wazuri watasikia, kwa maana wanaongea kuliko wachuuzi wa Kibuye.

Kila shilingi ipite kwa M-Pesa, kwenye namba yenye jina lake mwenyewe. Akikuambia tuma kwa namba ya mke wangu, ya kaka, ya mwenye duka, kataa kwa upole. Na akiuliza "Baba yuko?", mwambie mwenye kazi ni wewe na pesa iko kwako. Yule mzee jirani akae hapo kwenye kiti siku ya kazi, asiseme kitu. Utashangaa jinsi misumari inavyopigwa vizuri mbele ya mtu anayejua geji kwa kucha.

Haya, sasa habari ya huyo shemeji yako.

Polisi, hapana. Ulimpa pesa kwa hiari, akafanya nusu ya kazi. Kituoni watakuambia hiyo ni kesi ya madai, si ya jinai, na utakuwa umeulipia ukoo vita bila kurudishiwa bati moja. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 inaruhusu madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unakwenda bila wakili ukitaka, na inataka kesi ikatwe ndani ya siku 60. Ujumbe wa M-Pesa na wa simu ni ushahidi. Njia hiyo ipo, na kama angekuwa mtu baki ningekusindikiza mpaka mlangoni. Lakini kwa huyu ningeiweka mfukoni kwanza, aijue kwamba ipo.

Mumeo amesema ataongea naye. Mpe tarehe, kama unavyompa fundi. Akipita Kisumu mara nyingine, kabla hajalala, waketi watatu: yeye, binamu yake na mama mkwe, na wewe uwe umeandika hesabu. Yalilipwa mabati manane ya geji 30, yamekuja manne ya 32, rijikapu hakuna, gata hakuna. Usitumie neno mwizi. Soma hesabu, weka karatasi mezani, nyamaza. Mama mkwe ndiye aliyemleta, kwa hiyo ni haki yake kusikia. Kisha mdai kitu anachoweza kulipa. Pesa ameshakula, hana. Mikono anayo. Wewe nunua gata, yeye aje aifunge bure, mzee jirani akiwa kwenye kiti chake. Kinachobaki kiandikwe deni, kidogo kidogo kila mwezi. Akikataa hata hilo mbele ya mama, ukoo wenyewe utakuwa umeona, na hakuna atakayesema umeuvunja wewe.

Vali usimpe. Hilo msijadiliane.

Nimeuacha ufa nyuma kwa sababu huo unanihangaisha kuliko paa. Ufa unaofunguka kiangazi na kujifunga wakati wa mvua si wa plasta. Ni wa ardhi. Upande wenu kuelekea Kano kuna ule udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka, na nyumba iliyo juu yake inapanda na kushuka nao. Nyumba yako haina gata, kwa hiyo maji yote ya paa yanaangukia mguu wa ukuta. Upande mmoja wa msingi unakunywa, mwingine unakauka. Na mwembe ukiwa karibu hivyo, kiangazi mizizi yake inavuta unyevu uliobaki. Gata itasaidia, na utandazaji wa zege kuzunguka nyumba wenye mteremko unaopeleka maji mbali. Chora alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za ufa, andika tarehe pembeni, uangalie kila mwezi. Ukiona umepita alama, au mlango wa chumba umeanza kukwama, au ufa unaonekana mpaka upande wa nje, usiite fundi. Ita mhandisi aliyesajiliwa akague msingi, na huyo mlipe kwa kuangalia tu, kama yule mzee.

Mwembe usiukate. Najua atatokea mtu wa kukuambia uukate, pengine huyo wa tatu. Mti mkubwa ukiondolewa ghafla kwenye udongo wa namna hiyo, ardhi hurudisha unyevu na kuvimba, ukapata ufa mwingine. Punguza matawi yaliyo juu ya jikoni sasa kabla ya mvua, na la mizizi muulize mhandisi atakapokuja.

Anza na ngazi Jumamosi hii. Chochote kijana atakachokikuta kwenye vali, kiweke kwenye ile karai ya pili, ukipige picha, uniandikie.

Mjomba